Mazabodi ya Bwana Kasi

Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, skrini ya kompyuta iliyokuwa chumba cha mbele ilibadilika ikawa nyeupe, na katikati yake yakatokea maneno haya: Kifaa hiki sicho kilichosajiliwa. Mtihani umesitishwa. Binti aliyeketi mbele yake aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Kisha akakumbuka kwamba kamera bado ilikuwa inamtazama na masharti yalitaka mikono ionekane wakati wote, akairudisha juu ya meza, viganja chini.

Ulikuwa mtihani wa leseni ya kutoa dawa. Sehemu ya kwanza alikuwa ameimaliza. Ya pili, ambayo hukagua kifaa kwanza, ilikataa kufunguka. Duka moja la dawa lilikuwa limemshikia nafasi ya kazi mpaka leseni itoke. Anayepatikana na hatia ya udanganyifu hufungiwa miaka mitatu, na hakuna duka linalomshikia mtu nafasi kwa miaka mitatu.

Simu yake ililia. Alikuwa afisa wa mitihani, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Dada, hiyo ndiyo mashine uliyosajili Ijumaa?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Hakuna kilichobadilishwa ndani? Simu hii inarekodiwa."

"Hakuna. Hakuna aliyeigusa."

"Haikutumiwa na mtu mwingine? Maana mfumo wetu unaona mashine mbili tofauti."

"Haiwezekani, mama. Iko hapa hapa mezani tangu Ijumaa."

Nyuma ya pazia la mlango, baba yake alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Alisikia kila neno. Alikuwa na nafasi ya kusogeza pazia na kusema jambo moja. Badala yake alikunywa alichokuwa nacho kikombeni, ingawa kilikuwa kimepoa.

Mtaani aliitwa Bwana Kasi. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya kampuni ya mabomba, lakini jina lilitokana na mapenzi yake ya kompyuta. Kila alipobadilisha kitu ndani ya kompyuta yake aliita watu waje waone, akibonyeza kitufe na kusema, "Sasa ina kasi." Mtu mmoja akamjibu zamani kwamba kasi hiyo ingepelekwa kwenye miguu yake ingefaa zaidi, na jina likakaa.

Kompyuta hiyo aliinunua kabla ya kuoa. Kasha lake lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvutaji. Ndani ya kasha hakikubaki hata kipande kimoja cha wakati ule, lakini yeye alisema ni kompyuta ile ile, na nyumba nzima ilihesabu miaka kwa viungo vyake. Binti alizaliwa mwaka wa skrini ya rangi. Walihamia nyumba hii mwaka wa diski ya pili. Wiki aliyozikwa mama mkwe ndiyo wiki ya feni mpya, na hapakuwa na mtu aliyemsamehe kwa hilo. Mkewe, mpishi wa shule, alikuwa na neno lake kwa wageni: "Mimi nimeolewa uke wenza. Na mwenzangu hazeeki, kila mwaka anawekewa kiungo kipya."

Ijumaa jioni, baada ya kusajili mashine, binti alimwambia baba yake, "Baba, programu imeshaitambua. Naomba usiiguse mpaka Jumatatu nimalize."

"Niiguse, nina wazimu?"

Jumamosi asubuhi alikwenda kusalimia tu. Nyuma ya duka la spea la mtu waliyemwita Kobe, wapenzi wa kompyuta za zamani hukutana kila Jumamosi, hukaa juu ya masanduku, hubadilishana vifaa mkono kwa mkono. Sheria yao ni moja: kifaa ulichopewa ukikiweka kwenye mashine yako kikawaka, hakirudi. "Kikishawaka kimeolewa," husema. Siku hiyo Kobe alikuwa na mazabodi nzuri, ule ubao mkubwa ambao vifaa vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake, ikiwa na ubongo wake na kumbukumbu zake. Watu wanne waliitaka. Kobe akasema ataibadilisha na yeyote atakayetangulia kuweka ya kwake hapo juu ya sanduku.

Mke alikuwa sokoni, binti alikuwa anadurusu na wenzake. Bwana Kasi alifungua kasha, akang'oa mazabodi, akarudi kwa Kobe akitokwa jasho, akawa wa kwanza. Kabla ya adhuhuri mpya ilikuwa ndani na diski ya zamani ilikuwa imewaka juu yake bila kulalamika: picha zote mahali pake, madaftari ya binti mahali pake. Alijiambia kwamba mtoto atafanya mtihani kwenye mashine iliyo nyepesi. Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi. Kiasi kilichobaki ni kwamba Jumamosi iliyotangulia mtu mwingine alikuwa amewasha ya kwake mbele ya wote, na wote walikuwa wamepiga makofi.

Hakujua kwamba programu ya mtihani, mtu anaposajili, huchukua namba iliyofichwa ndani ya mazabodi. Mtu asiyejali kompyuta asingejua pia. Lakini mtu huyo asingekuwa na sababu ya kuifungua.

*

"Ni umeme," alisema, simu ilipokwisha.

Binti aligeuka. "Umeme gani, baba?"

"Jumamosi hamkuwepo. Umeme ulikuja kwa nguvu, ukaunguza mazabodi. Nilihangaika mpaka nikapata nyingine. Sikutaka kukutia hofu na mtihani uko mbele."

"Na nilipokuwa kwenye simu nasema hakuna aliyeigusa?"

"Nilifikiri unajibu mambo ya mtihani."

Umeme wa mtaa ule ulikuwa umeshaunguza friji ya jirani na redio mbili. Hapakuwa na sababu ya kutokuamini. Binti akampigia afisa akaeleza upya. Afisa akasema, "Sasa hayo ni maelezo mawili kwa asubuhi moja, dada," lakini akayaandika.

Mchana mama yake aliporudi na kusikia habari, alikaa kwanza, kisha akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo bila wewe hata kuanza asingeanza."

"Nilifanya nilichoweza."

"Leo nakuvulia kofia, baba. Siku zote nasema hilo dude halina faida." Akampigia kaka yake pale pale, simu ikiwa na sauti wazi ili mume naye asikie. "Shemeji yako kaokoa jahazi. Usije ukamcheka tena."

Mjomba wa binti alikuwa na ofisi ya kuuza bima. Mwezi uliopita alikuwa amesema mtoto aje afanyie mtihani kwake, kuna laptopu mpya na chumba kinachofungwa. Bwana Kasi alimjibu mbele ya watu, "Shemeji, hiyo laptopu yako imegandishwa kwa gundi, hata skrubu haina. Kompyuta usiyoweza kuifungua si yako." Watu walicheka, mjomba naye akacheka, na mambo yakaishia hapo.

"Hongera, shemeji," ilisema simu. "Kumbe dude lina mwenyewe."

"Tumezoea," alisema Bwana Kasi.

Jioni aliwekewa kipande cha nyama kilichokuwa cha mke. Alikila chote.

*

Jumatano afisa alipiga tena. Ile mashine ya Jumatatu wameshaisoma, alisema. Wanachotaka kuona ni ile iliyosajiliwa Ijumaa. Walete kasha, diski, na mazabodi iliyoungua, keshokutwa Ijumaa, saa tatu. Fundi wao ana njia ya kusoma namba. Namba ikilingana, shauri limekwisha. Isipolingana, au isiposomeka, mtahiniwa atahesabiwa kuwa alimpa mtu mwingine amfanyie mtihani.

"Iko wapi hiyo iliyoungua, baba?" aliuliza binti.

"Ipo. Niliiacha kwa fundi."

Alhamisi asubuhi Bwana Kasi aliing'oa ile mpya, akaitia kwenye mfuko, akaenda kwa Kobe, lakini Kobe hakuwa tena na ya zamani. Kobe hakai na kitu kwa siku mbili. "Nimemfungia Bibi Picha, yule wa picha za pasipoti pale kona. Na imewaka. Unajua sheria."

"Najua, ndugu yangu. Lakini ni mambo ya mtoto."

"Wazee, sikieni!" Kobe aliwaita watu wawili waliokuwa wakichagua nyaya. "Bwana Kasi anadai talaka!"

"Ndoa ya Jumamosi, talaka ya Alhamisi," alisema mmoja. "Ama kweli ana kasi."

Bibi Picha alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na benchi la mbele ya kibanda chake lilikuwa limejaa wateja. Alimsikiliza Bwana Kasi jicho moja likiwa kwenye kamera.

"Yaani unataka kunipa mpya, unirudishie ile ya kale."

"Ndiyo."

"Mzee, mimi si mtoto. Mtu hatoi kuku akaomba yai. Hiyo mpya ina nini?"

"Haina kitu. Ni bora kuliko hiyo."

"Basi ina kitu."

Ilimbidi aseme mara tatu kwamba ni mambo ya mtihani wa mwanawe. Mwishoni akakubali, lakini si kabla ya kumaliza watu waliopanga foleni. Na kwa kuwa msaidizi wake alikuwa mgonjwa, Bwana Kasi angeshika kitambaa cheupe nyuma ya vichwa vyao. Alikishika, mikono juu, kila mteja alipoketi. "Pandisha kidogo, mzee. Vidole vyako vinaingia kwenye picha." Wa tano kuketi alikuwa mhasibu wa kampuni ya mabomba, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepewa taarifa kwamba mtunza stoo anaumwa tumbo.

"Unaendeleaje na tumbo?" aliuliza mhasibu, bila kugeuza shingo, maana picha ya pasipoti haitaki mtu ageuke.

"Limepoa kidogo."

"Pole sana."

Mazabodi ilitoka ikiwa nzima, safi, bado ina joto la kazi. Bwana Kasi aliiweka kwenye mfuko akarudi kwa Kobe, na njiani akaliona tatizo ambalo hakuwa ameliona. Alikuwa ameiambia nyumba nzima kwamba imeungua.

Akaiweka juu ya kaunta. "Hii ikichomwa, namba yake itasomeka?"

"Watasoma nini, majivu?" Kobe alimtazama, akaelewa, akapunguza sauti. "Wee. Kwani ulisemaje nyumbani?"

"Nilisema umeme."

"Rudi ukaseme vingine."

"Shemeji yangu ndiye atakayetupeleka na gari lake."

Kobe alikuna shavu. Hakuwa mtu wa mawaidha; alikuwa muuza spea. "Kuchoma mimi nachoma, chuma cha kulehemu kiko moto. Ila ikifa, usimlete binti hapa alie mbele ya wateja wangu."

"Pembeni tu. Hapa penye tundu lisilotumika. Ionekane."

"Ionekane kwa nani?"

Bwana Kasi alichukua kile chuma mwenyewe. Alikuwa na mkono mtulivu. Alikuwa amelehemu tangu ujana. Plastiki ya tundu ilinyauka, ubao ukawa mweusi mahali pa ukubwa wa kidole gumba, moshi mdogo ukapanda ukamwingia puani. Kobe aliipima. Mazabodi ilikuwa inafanya kazi kama kawaida.

"Haya," alisema Kobe. "Mgonjwa kapakwa jivu, kumbe mzima wa afya."

Nyumbani mkewe aliigeuza geuza mkononi chini ya taa, akaona doa, akatikisa kichwa. "Umeme si mchezo." Binti alikuwa anapiga pasi nguo ya kesho. Aliangalia pia, akainusa, akaanza kusema kitu, kisha akaendelea kupiga pasi.

*

Ofisi ya mitihani ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa mbovu. Mjomba alibeba kasha begani akiwa na suti yake. Vumbi la miaka lilimshuka kwenye kola. Bwana Kasi alijaribu kumpokea mara mbili. "Acha, shemeji, wewe ndiye shujaa wetu," alisema mjomba, akihema.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Upande mmoja alikaa afisa, na pembeni yake fundi wa ofisi, kijana mwenye sweta. Upande wa pili binti, kisha baba, kisha mama. Mjomba alipewa kiti karibu na ukuta. Kompyuta ya afisa ilikuwa inafungua faili taratibu, na Bwana Kasi, kabla hajajizuia, alisema, "Hiyo yenu mngeiongezea kumbukumbu kidogo tu, ingekuwa na kasi."

"Tutaifikiria," alisema afisa.

Fundi alikaza mazabodi ndani ya kasha, akachomeka diski, akachomeka skrini. Hakusoma namba kwa kifaa kingine. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, kama mtu yeyote. Feni ikazunguka. Skrini ikawaka. Programu ya mtihani ikafunguka, ikasubiri kidogo, ikaandika jina la binti, namba yake ya mtahiniwa, na chini yake: Kifaa kimetambuliwa.

"Asante Mungu," alisema mama, akamshika mumewe goti.

"Inalingana," fundi alimwambia afisa. Kisha akainama tena juu ya kasha. "Ila hii haikuungua."

Afisa aliinua macho kutoka kwenye faili.

"Iliyoungua haiwaki, mama. Na hapa," akagusa doa kwa ukucha, akaonyesha kidole kilichochafuka, "umeme huunguza kutoka ndani kuja nje. Huu ni moto wa juu juu. Na ni mpya. Masizi bado yanatoka."

Afisa aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo kuna mtu amechezea ushahidi kabla ya kuuleta hapa." Akamgeukia binti. "Dada, Jumatatu ulisema hakuna aliyeigusa. Baadaye ukasema umeme. Leo tunaletewa doa la moto. Nishike lipi?"

"Niliambiwa ni umeme."

"Na nani?"

Binti alitazama meza. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Baba yake alikuwa karibu naye kiasi kwamba viwiko vyao viligusana, na alikuwa na muda wa kutosha kusema kabla ya swali jingine. Hakuutumia.

"Ni wewe uliyeichoma?"

"Hapana."

"Unamjua aliyeichoma?"

Binti alikiondoa kiwiko chake kwenye cha baba yake.

"Kama huna jibu, nitaandika kwamba mtahiniwa ameshindwa kueleza. Unajua maana yake."

"Ni mimi," alisema Bwana Kasi.

"Nini ni wewe, mzee?"

"Yote. Haikuungua. Niliibadilisha Jumamosi kwa hiari yangu, mtoto hakuwepo. Hilo doa nimeliweka jana."

"Kwa nini uliibadilisha? Alikuwa na mtihani Jumatatu."

Kwa sauti ambayo ilibidi afisa amwombe arudie, alisema, "Ile nyingine ilikuwa na kasi zaidi."

Fundi wa ofisi aliinama chini ya meza kama anayetafuta skrubu. Hapakuwa na skrubu iliyoanguka. Mjomba alianza kusoma kalenda iliyokuwa ukutani. Mkono wa mama uliondoka kwenye goti la mumewe, ukachukua mkoba, ukauweka juu ya mapaja yake mwenyewe.

"Nilikushukuru mbele ya ndugu yangu," alisema mama.

"Najua."

"Nilikuvulia kofia."

"Mke wangu, tutayamaliza nyumbani."

"Mimi siongei na wewe. Naongea na afisa. Nataka aandike kwamba mtoto hakujua."

Afisa aliandika. Alimtaka Bwana Kasi ataje siku, saa, na mahali alipoipeleka mazabodi. Alimtaka ataje ilipokuwa tangu Jumamosi, na hivyo wote wakasikia habari za Bibi Picha. Maswali yalikuwa mafupi na hayakuwa na hasira. Baada ya hapo alisoma uamuzi: mtahiniwa hana kosa, atarudia sehemu zote mbili Alhamisi ijayo, atasajili kifaa upya leo hii hii.

"Kifaa gani?" aliuliza, akivuta karatasi nyingine.

"Laptopu ya mjomba wangu," alisema binti.

Mjomba aliinuka ukutani akaitoa kwenye begi lake. Ilikuwa nyembamba kama sahani. Fundi akaichomeka, ikajibu mara moja.

"Na mdhamini wa kifaa. Mtu mzima anayeishi na mtahiniwa, atakayehakikisha hakiguswi."

Bwana Kasi, aliyekuwa karibu zaidi na karatasi, alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Afisa aliisukuma karatasi juu ya meza ikampita, ikasimama mbele ya mkewe.

"Mimi hata kuiwasha sijui," alisema mama.

"Ndiyo maana, mama."

Mama aliuliza asaini wapi. Binti akamwonyesha kwa kidole, na mama akasaini.